Umegongwa ukiwa kwenye pikipiki na umeumia: maswali ya fidia yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi kila mara mtu anapogongwa akiwa kwenye pikipiki, awe dereva au abiria wa nyuma. Sheria za fidia hazifanani kila nchi, kwahiyo pale inapobidi nchi au jimbo limetajwa kwa jina, usije ukachukua kanuni ya California kule Marekani ukaenda nayo mahakamani Kenya. Ila kuna jambo moja ni lilelile popote ulipo: kesi nyingi za pikipiki haziharibikii mbele ya hakimu, zinaharibika zile wiki za mwanzo, sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyeitunza au karatasi iliyosainiwa haraka haraka.

Nimeanguka sasa hivi, nianze na nini?

Anza na mwili wako, kesi itakusubiri. Kama shingo au mgongo unauma usikubali watu wakuinue kwa kukuvuta mikono, na helmeti usiivue mwenyewe wala usimruhusu mtu asiyejua kuivua aing'oe, labda kama huwezi kupumua. Wengi huumizwa zaidi na hawa wasaidizi wenye haraka.

Baada ya hapo, kama wewe huwezi basi mwombe mtu yeyote aliye karibu, apige picha kabla vyombo havijasogezwa: gari limesimama wapi, pikipiki imelala upande gani, alama za tairi kwenye lami, vioo vilivyopasuka, taa za barabarani, kona ilivyo, namba za gari na stika ya bima kama ipo. Picha ya mbali ina maana kuliko ya karibu, maana watu wanapiga picha ya indiketa iliyovunjika tu halafu miezi sita baadaye hakuna anayeweza kuonesha gari lilikuwa kwenye njia ya nani. Chukua majina na namba za simu za walioona. Shahidi aliyekuwa amesimama pembeni, hakujui wewe wala dereva, ana uzito mkubwa sana, na ndo huyohuyo anayeondoka ndani ya dakika kumi.

Na usianze kusema "samahani bwana, kosa langu". Ni heshima tu, tumelelewa hivyo, lakini hayo maneno yatakuja kusomwa baadaye kama ulikiri.

Sioni jeraha lolote kubwa, lazima niende hospitali?

Nenda siku hiyohiyo. Ukiwa umeshtuka mwili hufunika maumivu, na kuna majeraha yanayochelewa kujionesha kabisa: damu kuvuja polepole ndani ya fuvu, bandama kupasuka, msuli wa mguu kuvimba ndani kwa ndani mpaka damu inashindwa kupita. Mtu anaongea vizuri saa mbili tatu halafu anazimia.

Upande wa kesi nako, siku uliyoonwa na daktari ndo uzi unaounganisha ajali na maumivu yako. Ukikaa wiki mbili nyumbani unakanda goti na maji ya moto halafu ndo uende, bima watauliza swali moja tu, tutajuaje goti hukuliumiza kwenye hizo wiki mbili? Mwambie daktari kila panapouma hata kama ni padogo, na hakikisha ameandika kwamba ni ajali ya pikipiki na tarehe yake. Kisichoandikwa kwenye faili huwa ni kazi ngumu kukithibitisha.

Kila mtu anasema "hawa wa pikipiki ndo walivyo". Nitaaminiwa kweli?

Hii dhana ipo na inaumiza watu, hata baadhi ya askari wanaopima ajali wanafika eneo la tukio wakiwa nayo kichwani tayari. Lakini dhana si ushahidi. Utafiti mkubwa uliofanywa na University of Southern California ukatoka 1981, ule unaojulikana kama Hurt Report, ulichunguza kwa undani ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, na kwenye zile ambazo pikipiki iligongana na chombo kingine, karibu theluthi mbili kosa lilikuwa la dereva wa hicho chombo kingine kutompa mwenye pikipiki haki yake ya kupita. Ajali ya aina hiyo utaijua tu: gari linakata kona kukatiza mbele yako halafu dereva anasema "sikumuona". Kisheria "sikumuona" haimsafishi, mara nyingi inammaliza, maana kuangalia ni wajibu wake na wewe ulikuwepo barabarani unaonekana.

Kinachotakiwa ni uoneshe mambo matatu, kwamba huyo mtu alikuwa na wajibu wa kuwa makini kwako, kwamba hakuwa makini, na kwamba kutokuwa makini kwake ndiko kulikokuumiza. La kwanza barabarani halina ubishi, vita yote iko kwenye la pili na la tatu. Na hapo kamera zinasaidia, za maduka, za majengo, dashikamu za magari yaliyokuwa nyuma. Zifuatilie mapema, nyingi zinajirekodi juu ya video ya zamani baada ya siku au wiki chache na ikishafutika imefutika. Andika barua kwa mwenye kamera uombe aitunze, na ubaki na nakala ya hiyo barua.

Na mimi nilikuwa na kosa kidogo, spidi ilikuwa juu. Nimeshapoteza?

Inategemea uko wapi, na hapa tofauti ni kubwa kweli. Nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uingereza, mahakama inagawa kosa kwa asilimia halafu fidia yako inapunguzwa kwa kiasi hicho. Ukibebeshwa asilimia 30 unapata 70 ya kile ambacho ungepata. California ni hivyohivyo, hata ukiwa na kosa kubwa kuliko mwenzako unaambulia sehemu yako. Texas wana ukuta, kosa lako likizidi asilimia 50 hupati kitu. Halafu kuna majimbo ya Marekani kama Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia yenye kanuni ya zamani na kali, kwamba kosa lako lolote hata dogo linaweza kukunyima fidia yote. Binafsi naona hii ya mwisho ni uonevu, ila ndo sheria yao.

Kwahiyo usijihukumu mwenyewe hapo barabarani. Eleza ulichoona na ulichofanya, asilimia waachie wanaopima.

Sikuvaa helmeti.

Kutovaa helmeti hakukusababisha ugongwe. Swali ambalo mahakama inajiuliza ni je, hayo majeraha yangekuwa madogo kama ungevaa? Kama umevunjika mguu, helmeti haihusiki na mguu, na anayetaka kukukata fidia ya mguu kwa sababu hiyo apingwe. Kama ni kichwa hapo ni kweli watakubana, maana ushahidi wa kitaalamu uko wazi, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2008 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za afya, yalionesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu 69.

Uingereza kuna kesi ya Capps dhidi ya Miller ya 1989, mwenye pikipiki ndogo alikuwa amevaa helmeti lakini hakufunga mkanda wa kidevuni, ikatoka alipogongwa, na mahakama ikamkata asilimia 10. Yaani amekatwa, hakufukuzwa. Kwahiyo anayekwambia "hukuvaa helmeti huna kesi" anakutisha tu. Na kama helmeti ulivaa, ihifadhi hivyohivyo ilivyopasuka, usiitupe wala usiiuze, ni kielelezo.

Leseni yangu iliisha muda, na bima pia. Bado nadai?

Tenganisha mambo mawili. Makosa yako na serikali ni ya kwako na utashtakiwa kwayo. Lakini dereva aliyehama njia akakuvaa hawi mwema ghafla kwa sababu wewe huna leseni, nchi nyingi bado unaweza kumdai, ingawa upande wa pili watalitumia kuonesha hukuwa dereva mzuri. Penye shida ya kweli ni bima yako mwenyewe, ile kubwa inayolipa pikipiki yako, hiyo inaweza kukataa kabisa kama ulivunja masharti ya mkataba. Pia kuna sehemu, California ikiwemo, mwendeshaji asiye na bima hapati fidia ya maumivu, anapata matibabu na mapato aliyopoteza tu.

Mimi nilikuwa abiria tu nyuma.

Wewe ndo mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Hukushika usukani, kwahiyo kosa lazima liwe la mmoja kati ya madereva au wote wawili, na unaweza kuwadai wote kwa pamoja ukaacha wagawane wenyewe. Wengi wanaona aibu kumdai aliyewabeba, kwa sababu ni rafiki au ndugu au ni mtu wa pikipiki aliyezoeleka. Kama ana bima ya lazima ya mtu wa tatu, yaani ile inayolipa watu wengine walioumizwa, na hiyo bima inamhusu abiria, anayelipa ni kampuni ya bima, rafiki yako hatoi mfukoni. Uliza tu kama hiyo bima inafunika abiria, maana si kila mkataba unafunika, hasa pikipiki ikiwa inabeba watu kwa malipo na bima ilikatwa kama ya matumizi binafsi.

Ufaransa wamelinda abiria kuliko wengi: sheria yao ya 5 Julai 1985, wanayoiita ya Badinter, inataka abiria na mtembea kwa miguu walipwe majeraha yao karibu katika kila hali. Mwenye kuendesha pikipiki yeye anahesabiwa ni dereva, kosa lake linapimwa.

Aliyenigonga alikimbia. Au yupo lakini hana bima.

Ripoti polisi haraka, hiyo haina mjadala, maana mifuko inayolipa waathirika wa namna hii inataka ripoti ya polisi na mingine ina muda mfupi sana. Uingereza kuna Motor Insurers' Bureau tangu 1946, inalipa waliogongwa na madereva wasio na bima na hata wasiojulikana, Ujerumani wana Verkehrsopferhilfe. Nchi nyingine zina mfuko wa aina hiyo kwa majina tofauti, uliza kwa mamlaka inayosimamia bima. Angalia pia mkataba wako mwenyewe, kuna bima zenye kipengele cha kulipa pale mgongaji akiwa hana bima, watu wanalipia miaka mingi bila kujua kama wanacho.

New Zealand ni habari nyingine kabisa. Tangu 1974 aliyeumia kwenye ajali anahudumiwa na mfuko wa taifa bila kuuliza kosa la nani, na kwa kubadilishana na hilo hawezi kumshtaki mgongaji kumdai fidia ya majeraha.

Hakunigusa. Alinichomekea nikaanguka mwenyewe.

Kugusana si sharti. Ukionesha kwamba ulikwepa kwa sababu yake na kukwepa kwako kulikuwa kwa busara, unadai. Ugumu ni ushahidi tu, bila shahidi au kamera inabaki neno lako na lake.

Nilidondoka kwenye shimo la barabarani, nimdai nani?

Mwenye jukumu la kutunza hiyo barabara, iwe serikali, halmashauri au mkandarasi aliyechimba akaacha bila alama. Lazima uoneshe walijua au walipaswa kujua lile shimo lipo na walikuwa na muda wa kutosha kulishughulikia. Pima shimo, lipige picha likiwa na kitu cha kulinganisha ukubwa, fanya leo, maana mara nyingi likishasababisha ajali ndo linazibwa.

Angalia sana muda. Kudai serikali kuna njia yake: Kenya kesi ya aina hii dhidi ya serikali ni ndani ya miezi 12, Tanzania unatakiwa utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, California unapeleka madai kwa taasisi husika ndani ya miezi sita.

Nadai vitu gani, na hiyo hela inahesabiwaje?

Kuna mafungu mawili. La kwanza ni hasara zenye risiti: hospitali, dawa, eksirei, magongo, nauli za kwenda kliniki, matengenezo ya pikipiki, mshahara uliokosa. Hapa mahakama haitoi kwa huruma, usipokuwa na karatasi hupati, na ndo fungu watu wanapoteza hela nyingi zaidi bila sababu. Tafuta bahasha moja kila risiti iingie humo, na piga picha maana zile za karatasi laini zinafifia mpaka zinakuwa nyeupe.

La pili ni maumivu, makovu, ulemavu, kushindwa kufanya ulichokuwa unafanya. Hakuna risiti ya maumivu, kwahiyo mahakama inaangalia kesi za nyuma zenye majeraha yanayofanana. Ukiandika kila siku mistari miwili mitatu, umelala vipi, umeshindwa nini, nani amekuvalisha viatu, hiyo inasaidia kuliko kukumbuka baada ya miaka miwili.

Mapato ya mbele ndo hesabu inayobishaniwa. Mahakama zinazofuata mfumo wa Kiingereza zinachukua kiasi unachopoteza kwa mwaka zinakizidisha na idadi fulani ya miaka, ila hiyo idadi inakuwa pungufu ya miaka iliyobaki ya kufanya kazi kwa sababu unalipwa yote kwa mkupuo na maisha yana dharura zake. Usiyeajiriwa usikate tamaa, kuandikiwa mshahara si lazima, taarifa za miamala ya simu, daftari la mauzo, wateja wako, vyote vinaonesha ulikuwa unaingiza kiasi gani.

Nilikuwa na mgongo mbovu kabla ya ajali. Nifiche?

Usifiche kabisa. Wakipata faili lako la zamani, na watalipata, hawatakuamini tena hata kwenye yale ya kweli. Kanuni ni kwamba mgongaji anamchukua aliyemgonga kama alivyomkuta, ukiwa dhaifu na ajali ikazidisha udhaifu unadai kile kilichozidi.

Bima yake wamenipigia, ni wakarimu, wanataka kunilipa wiki hii.

Huyu mkarimu ndo wa kumwangalia vizuri. Afisa wa madai kazi yake ni kufunga faili kwa bei ndogo inayowezekana, haimfanyi mtu mbaya, lakini hayuko upande wako hata akikupa pole mara tatu. Hela ya haraka inakuja na fomu, na kwenye hiyo fomu kuna sentensi inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho na hutadai tena kwa ajali hii. Ukishasaini, nyonga ikija kuhitaji upasuaji mwakani ni ya kwako. Kuifuta hiyo saini kunahitaji uoneshe ulidanganywa au hukuwa na akili timamu, ni kupanda mlima.

Kwahiyo hakuna kusaini malipo ya majeraha mpaka daktari aseme umepona au umefika pale ambapo hutabadilika tena. Matengenezo ya pikipiki unaweza kuyamaliza mapema peke yake, ila soma, hakikisha karatasi inasema ni mali tu. Na ukiombwa maelezo ya kurekodiwa kwenye simu, kwa bima ya upande wa pili unaweza kusema hapana, nitajibu kwa maandishi. Kwa bima yako mwenyewe ni tofauti, mkataba unakutaka utoe taarifa na ushirikiane nao.

Dereva ameshinda kesi ya trafiki, ameachiwa. Imeisha?

Hapana. Kesi ya jinai inataka kosa lithibitike bila shaka ya maana, madai ya fidia yanataka tu ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake. Mtu anaachiwa kule na analipa huku. Akitiwa hatiani, hiyo hukumu ichukue nakala, itakurahisishia sana. Na faini aliyolipa ilienda serikalini, haihesabiki kama fidia yako.

Nina muda gani wa kufungua kesi?

Kenya, Tanzania na Uingereza kwa kawaida ni miaka 3. California ni 2, Tennessee ni mwaka mmoja tu, Ufaransa ni 10 kuanzia hali ya majeraha ilipotulia. Mtoto mara nyingi muda wake unasubiri afikishe utu uzima. Kitu kinachowaponza wengi ni mazungumzo na bima, mnaandikiana barua, mnaahidiana, "faili liko mezani kwa bosi", unadhani muda umesimama na kumbe unatembea. Mazungumzo peke yake kwa kawaida hayasimamishi ukomo, yaani huo muda wa mwisho wa kufungua kesi.

Lazima niweke wakili?

Michubuko na saiti mira imevunjika, fanya mwenyewe. Mfupa umevunjika, umelazwa, kosa linabishaniwa, kuna mtoto au kuna kifo, tafuta wakili. Malipo yao yanatofautiana: Marekani wengi wanachukua sehemu ya fidia, mara nyingi karibu theluthi, ukikosa wanakosa. Uingereza ipo pia namna ya kutolipa ukishindwa, ila nyongeza anayochukua wakili akishinda ina kikomo cha asilimia 25 ya fidia ya maumivu na hasara za nyuma. Kenya sheria ya mawakili hairuhusu makubaliano ya kugawana kulingana na ushindi, kwahiyo ukisikia hayo maneno uliza maswali. Popote ulipo, makubaliano yaandikwe, na fidia ikitoka uoneshwe mchanganuo. Kaa mbali na wale wanaokufuata wodini na kadi za biashara ukiwa bado una dripu mkononi.

Ndugu yetu alifariki kwenye hiyo ajali.

Poleni sana. Wanaodai hapa ni waliokuwa wanamtegemea, mke, mume, watoto, wazazi, kwa kile walichokuwa wanapata kutoka kwake, pamoja na gharama za mazishi. Mara nyingi inabidi kwanza mtu ateuliwe kisheria kusimamia mirathi, na hilo linakula muda ule wa ukomo, kwahiyo lianzeni hata kama msiba bado mbichi. Kaeni kama familia mkubaliane nani anasimamia, ndugu watatu kwenda kwa mawakili watatu huwa kunachelewesha kila mtu.

Naweza kuendelea kuposti?

Posti utakavyo ila jua wanasoma. Picha moja umesimama harusini unatabasamu, hata kama ulikaa dakika tano ukarudi kulala, itawekwa mezani. Wala usifute za zamani baada ya kesi kuanza, hiyo inaonekana kama kuharibu ushahidi.

Nikilipwa halafu mguu ukaharibika tena baadaye?

Kwa kawaida fidia ni mara moja, faili linafungwa. Ndo maana ripoti ya mwisho ya daktari isiseme tu ulivyo leo, iseme na yanayotarajiwa: chuma kitatolewa lini, kuna uwezekano gani wa goti kusagika mapema, je utahitaji kubadilishiwa nyonga. Hayo yakiandikwa yanapigiwa hesabu. Uingereza mahakama inaweza kutoa fidia ya muda, ikakuruhusu kurudi kama ugonjwa fulani uliotajwa ukitokea, mfano kifafa baada ya kuumia kichwa, lakini inabidi uwe umeliomba kwenye hati ya madai, kwahiyo liulize kwa wakili wako kabla hajaiwasilisha.